Kambi na Kijiji: Uhusiano wa Kambi za Kizuizini na Jamii Iliyozizunguka Nchini Kenya, 1952–1960

Utangulizi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia humkumbusha msafiri kwamba, aende atakakokwenda, mwisho wake ni kurudi alikoanzia. Kwa maelfu ya Wakenya waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari, marejeo hayo yalikuwa na uchungu wake. Wengi walirudi wakakuta nyumba zao za zamani zimeteketezwa, mashamba yamepimwa upya, na aliyewachongea akiwa ndiye karani wa chifu. Kutoka kambini hakukuwa sawa na kutoka kizuizini.

Makala haya yananuia kuchunguza uhusiano uliokuwepo baina ya kambi za kizuizini na jamii iliyozizunguka nchini Kenya kati ya mwaka wa 1952 na 1960. Mara nyingi kambi hizi huelezwa kana kwamba zilikuwa visiwa: mahali palipozungushiwa seng'enge, penye askari, mateso na ukimya, mbali na maisha ya kawaida. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini ni nusu ya ukweli. Hoja inayojengwa hapa ni kuwa lango la kambi lilifunguliwa na kufungwa na kijiji. Ulimi wa jirani ndio uliomwingiza mtu kambini. Habari za nyumbani ndizo zilizomtia moyo au kumvunja. Na neno la wazee na chifu wa kwao ndilo lililomtoa. Kwa hiyo, anayeisoma kambi bila kukisoma kijiji hawezi kuelewa ni kwa nini majeraha ya kipindi hicho hayakupona bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka wa 1963.

Usuli wa Mada

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, nayo ilidumu hadi Januari 1960. Katika kipindi hicho Waingereza walipigana na wapiganaji wa Jeshi la Ardhi na Uhuru, maarufu kama Mau Mau, ambao wengi wao walikuwa Wagikuyu, Waembu na Wameru, pamoja na baadhi ya Wakamba. Serikali ya kikoloni haikupenda kuviita vita. Hata hivyo ndege zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na vikosi vya jeshi vikaletwa kutoka Uingereza. Kwa raia wa kawaida, hivyo vilikuwa vita kwa kila hali.

Kanuni za Hali ya Hatari ziliwapa watawala uwezo wa kumzuilia mtu bila kumfikisha mahakamani. Kufikia Desemba 1954, takwimu za serikali yenyewe zilionyesha kuwa zaidi ya watu 70,000 walikuwa kizuizini kwa wakati mmoja. Kuhusu jumla ya waliopitia kambini katika miaka yote hiyo, wanahistoria hawajakubaliana. Caroline Elkins, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka wa 2005, anakadiria kuwa walikuwa kati ya 160,000 na 320,000, ilhali wenzake kadhaa wanaona makadirio hayo yamepita kiasi. Hata tukichukua takwimu ya chini, ni vigumu kupata ukoo katika Mkoa wa Kati wa wakati huo ambao haukuwa na mtu wake kizuizini.

Istilahi Muhimu

Kabla ya kuendelea, inafaa kufafanua maneno matatu ambayo hutumiwa kiholela.

Kwanza ni mfungwa na mahabusu. Mfungwa amehukumiwa na mahakama, na anaijua siku yake ya kutoka. Mahabusu anazuiliwa bila hukumu, na siku yake haijulikani. Wengi wa waliorundikwa katika kambi kama Manyani na Mackinnon Road walikuwa mahabusu kwa maana hii. Tofauti hiyo si ya kisheria tu. Kwa kuwa hapakuwa na kifungo cha miaka fulani, kutoka kwa mahabusu kulitegemea mambo mawili: akiri kuwa alikula kiapo, na watu wa kwao wakubali kumpokea. Hapo ndipo uhusiano wa kambi na jamii ulipokitwa mizizi.

Pili ni kambi. Katika Kiswahili, neno hili hubeba dhana ya makao ya muda: wasafiri hupiga kambi jioni, na asubuhi huivunja. Kambi zinazozungumziwa hapa zilikuwa za muda kwa jina tu. Wapo waliokaa humo miaka sita au saba.

Tatu ni kijiji. Kiasili Wagikuyu hawakuishi katika vijiji vilivyosongamana. Kila familia ilikuwa na boma lake kwenye mteremko wa kilima, na shamba lake likiwa karibu. Kijiji cha Hali ya Hatari kilikuwa kitu kipya kilichobuniwa kwa amri, na kukiita kijiji kulikuwa ni kukipa jina la upole kuliko hali yake.

Kuingia Kambini: Ulimi wa Jirani

Tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Mtaa baada ya mtaa, watu walitolewa majumbani na kazini, na Wagikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Kisha ukafuata mchujo. Katika michujo ya aina hiyo, mshukiwa alipitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Wagikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia. Kigunia kilipotikisa kichwa, hatima ya mtu iliamuliwa papo hapo. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kambini kutokana na msako huo.

Ni muhimu kuizingatia athari ya gunia hilo. Mahabusu alijua kuwa aliyemtia kambini anamjua kwa sura, labda ni jirani, mfanyakazi mwenzake au hata mtu wa ukoo. Asichokijua ni nani hasa. Kikulacho ki nguoni mwako, wasemavyo wahenga, lakini hapa nguo yenyewe ilimficha mlaji. Shaka hiyo iliingia naye kambini, ikakaa naye miaka yote, na ikarudi naye nyumbani. Utawala haukuhitaji kutuma mtu wa kuitenganisha jamii. Ulimfunika mmoja wao uso, basi.

Baada ya mchujo, mahabusu walipangwa kwa rangi. Weupe walikuwa wale walioonekana hawana hatia kubwa au waliokwisha kuungama, na hao waliruhusiwa kurudi kwao. Wa kijivu walipelekwa katika kambi za kazi zilizokuwa karibu na wilaya zao. Weusi, yaani waliokataa kuungama, walitupwa mbali: Lodwar katika jangwa la Turkana, visiwa vya Mageta na Saiyusi katika Ziwa Victoria, kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na Hola kando ya Mto Tana. Waingereza waliufananisha mfumo huu na bomba la maji. Mtu aliingizwa upande mmoja, akasukumwa kutoka kambi hadi kambi, na alipozidi kulainika ndipo alipozidi kukaribia kwao. Umbali kutoka nyumbani ukawa kipimo cha ukaidi wa mtu. Jamii yake, ambayo ilikuwa faraja yake, ikageuzwa kuwa chambo.

Kijiji Nacho Kikawa Kambi

Je, nyumbani huko alikotamani kurudi kulikuwa na hali gani? Katikati ya mwaka wa 1954, baraza la vita la serikali ya kikoloni liliamua kuwakusanya wakazi wa maeneo ya Wagikuyu katika vijiji vya lazima. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji 804. Maboma ya zamani yalichomwa moto au kubomolewa. Shabaha ilikuwa kuwanyima wapiganaji wa msituni chakula, habari na makazi.

Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kambini, msituni au mijini, kazi ya kujenga vijiji hivyo iliwaangukia wanawake, wazee na watoto. Wao ndio waliokata miti, wakaezeka nyumba na kujenga vituo vya walinzi waliowachunga. Walinzi hao, walioitwa ngati kwa Kigikuyu, walikuwa watu wa eneo hilo hilo. Wanawake ndio pia waliolazimishwa kuchimba handaki refu lililopita kandokando ya msitu, lenye urefu wa takribani maili 50, na kuchomeka ndani yake vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha. Vijiji vingine vilizungushiwa mahandaki na seng'enge. Amri ya kutotoka nje iliwekwa, na palipokuwa na adhabu, saa za kwenda shambani zilipunguzwa mno. Njaa ikaingia. Muthoni Likimani, katika kitabu chake Passbook Number F.47927 cha mwaka wa 1985, anayasimulia maisha hayo kwa jicho la wanawake, na humo msomaji huona kuwa vita hivi vilipiganwa pia kwa majembe na mitungi ya maji.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) aliyaonja haya akiwa kijana. Mwaka wa 1955, akitoka Shule ya Upili ya Alliance kwa likizo yake ya kwanza, alifika kwao Limuru akakuta boma lao halipo. Watu wake walikuwa wamehamishiwa katika kijiji kipya cha Kamĩrĩthũ. Mwanafunzi huyo hakuwa mahabusu wala mpiganaji, lakini kizuizi kilikuwa kimemfikia.

Hapa ndipo mpaka baina ya kambi na jamii unapofifia kabisa. Mume aliyekuwa Manyani alikuwa ndani ya seng'enge, na mke aliyekuwa kijijini vilevile. Wanawake wengine, kwa maelfu, walizuiliwa hasa katika kambi ya Kamiti. Kila mmoja alikuwa rehani ya mwenzake: mume aliambiwa aungame ili akawaokoe watoto wake na njaa, na mke aliambiwa ashirikiane na walinzi ili mumewe arudi.

Isitoshe, mgawanyiko ulipita katikati ya familia. Daniel Branch, katika utafiti wake wa mwaka wa 2009, anaonyesha kuwa waliojiunga na upande wa serikali hawakuwa watu wa aina moja. Wapo waliotafuta mali, wapo walioamini wanachofanya, na wapo waliojiunga ili nyumba zao zisichomwe. Ndugu mmoja angeweza kuwa ngati na mwingine akawa kambini, mama yao akiwapikia wote wawili moyoni. Neno kibaraka, ambalo hutumiwa kwa wepesi katika mijadala yetu, halitoshi kuieleza hali hiyo yote, ingawa halipaswi pia kufutwa pale linapostahili.

Habari, Lugha na Kazi

Ingawa utawala ulikusudia kumkata mahabusu na ulimwengu, habari hazikukatika. Josiah Mwangi Kariuki, aliyezuiliwa kuanzia 1953 hadi 1960, anaeleza katika kumbukumbu zake, Mau Mau Detainee (1963), jinsi mahabusu wa Manyani walivyokuwa na mitandao miwili ya habari za mdomo. Habari zilizothibitishwa, labda kutokana na kipande cha gazeti kilichookotwa au neno la askari, ziliitwa Manyani Times. Uvumi wa kurushwa kutoka ua mmoja hadi mwingine uliitwa Waya Times. Mwanafunzi wa lugha hana budi kuvutiwa na jina hili la pili. Waya, kitu kilichowekwa kuwatenganisha watu, ndio uliopewa jina la gazeti lililowaunganisha.

Kiswahili nacho kilikuwa na nafasi yake. Askari wa kambi walitoka katika jamii nyingi za Kenya, na lugha iliyowakutanisha na mahabusu ilikuwa Kiswahili. Kilikuwa lugha ya amri na matusi, lakini pia ya mapatano ya chinichini: ya kuomba sigara, kuuliza habari za nje na kumbembeleza askari abebe barua. Barua zilizopita njia rasmi zilikaguliwa. Nyingine zilitoroshwa, zikafika hata kwa wabunge wa Uingereza. Mahabusu waliendesha pia masomo yao wenyewe, waliojua kusoma wakiwafundisha wasiojua, na wakaweka kanuni na viongozi wa kila ua. Kwa namna hiyo jamii iliyovunjwa nje ilijaribu kujijenga upya ndani ya kambi.

Nje nako wapo waliosema. Eileen Fletcher, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker aliyeajiriwa kusimamia urekebishaji wa wanawake, alijiuzulu, na mwaka wa 1956 akachapisha aliyoyaona, yakiwemo mambo ya wasichana wadogo waliofungwa Kamiti. Katika bunge la Uingereza, Barbara Castle alikuwa miongoni mwa waliouliza maswali bila kuchoka.

Njia nyingine iliyoiunganisha kambi na jamii ni kazi. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka wa 1958 na ambao ndio chanzo cha Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ulijengwa kwa jasho la waliozuiliwa. Mfereji wa Yatta huko Ukambani ulichimbwa na mahabusu. Vivyo hivyo mradi wa mpunga wa Mwea na mradi wa unyunyizaji wa Perkerra huko Baringo. Mkenya wa leo anayepakua wali wa Mwea huenda hajui kuwa mifereji ya kwanza ya mashamba yale ilichimbwa na watu waliokuwa wakipigwa ili waungame. Kambi zilivunjwa, lakini kazi yao ingali inalisha taifa.

Aidha, kambi zilipandwa katika ardhi za watu wengine. Manyani iko katika nchi ya Wataita, Hola katika nchi ya Wapokomo na Waorma, na Manda ni ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Mwandishi Gakaara wa Wanjau, aliyekamatwa Oktoba 1952, alizuiliwa Manda na baadaye Hola, na shajara aliyoiandika kizuizini ilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka wa 1983, ikashinda Tuzo ya Noma mwaka wa 1984. Wenyeji wa maeneo hayo walipewa wageni wasiowaomba. Simulizi zao kuhusu wageni hao zimekusanywa kidogo mno kuliko simulizi za mahabusu wenyewe.

Tukio lililoangusha mfumo mzima lilitokea Hola tarehe 3 Machi 1959. Mahabusu waliokataa kufanya kazi walipigwa na askari kwa marungu, na kumi na mmoja wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kuwa vifo vilihusiana na maji waliyokunywa kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi ulionyesha majeraha ya kipigo. Bunge la Uingereza lilijadili suala hilo Julai 1959, na hata Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, akasimama kulilaani. Jina la Hola likabadilishwa likawa Galole, ingawa jina la kwanza lilirejeshwa baadaye. Mahali paliweza kubadilishwa jina. Waliofia hapo hawakuweza kufufuliwa.

Kurudi Nyumbani: Chifu, Ardhi na Ndoa

Mwaka wa 1953, Thomas Askwith, afisa wa maendeleo ya jamii, alitumwa Malaya kujifunza jinsi Waingereza walivyowashughulikia mahabusu huko. Alirudi na mpango wa kuwarekebisha watu kwa elimu, ufundi na mafunzo ya uraia. Mfano unaotajwa mara nyingi ni shule ya vijana ya Wamumu. Geoffrey Griffin, aliyefanya kazi huko, alikuja kushirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kuanzisha Starehe mwaka wa 1959. Lakini kwa mahabusu wazima, hasa katika kambi za Mwea kuanzia 1957, urekebishaji uligeuka kuwa kipigo cha kumlazimisha mtu aungame.

Hata aliyeungama hakuwa amefika. Alipelekwa katika kambi ya kazi ya wilaya yake, na huko chifu na wazee waliokubalika na serikali walikuwa na sauti kubwa katika kuamua kama atarudi kijijini au la. Mtu angeweza kuondolewa hatia na afisa wa kambi, kisha akakataliwa na mtu wa kwao. Fikiria basi nafasi ya chifu ambaye shamba lake lilipakana na la mahabusu huyo.

Suala la ardhi ndilo zito kuliko yote. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulihimiza vipande vya mashamba viunganishwe na wenye ardhi wapewe hatimiliki. Kazi hiyo iliendelea huku maelfu ya wenye mashamba wakiwa kizuizini. Kamati zilizoamua mipaka zilikaliwa na waliokuwa huru, na waliokuwa huru wengi wao walikuwa waaminifu kwa serikali. Katika uchaguzi wa 1957, Wagikuyu, Waembu na Wameru walihitaji cheti cha uaminifu ili wapige kura. Kwa hiyo wakati kambi zilipokuwa zikimfundisha mahabusu uraia, nje ya kambi uraia wenyewe ulikuwa ukigawanywa bila yeye.

Baadhi ya vijiji vile havikuvunjwa kamwe. Katika kaunti kama Nyeri na Murang'a yapo makazi ambayo hadi leo huitwa vijiji vya kikoloni, na wakazi wake wamepigania hatimiliki kwa miaka mingi. Hao ni wazao wa watu waliotoka kizuizini wakakosa pa kurudi.

Ndoa nayo ilijaribiwa. Riwaya ya Ngũgĩ, A Grain of Wheat (1967), imelieleza jambo hili kwa undani usiopatikana katika ripoti yoyote. Gikonyo, baada ya miaka sita kambini, anarudi kwa mkewe Mumbi, naye anamkuta na mtoto wa Karanja, mwanakijiji mwenzake aliyekuwa chifu wakati wa Hali ya Hatari. Gikonyo ana siri yake pia: aliungama kiapo ili arudi haraka. Kila mmoja ana jambo asiloweza kulisema, na nyumba yao inajaa kimya. Thamani ya kifasihi ya sehemu hii ni kuwa mwandishi hamtafuti mwenye hatia mmoja. Anaonyesha jinsi kambi na kijiji vilivyowabana watu wawili kwa pamoja, kila mmoja upande wake wa waya.

Kimya Baada ya Uhuru

Baada ya 1963, Rais Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alifungwa na kuzuiliwa, aliwahimiza wananchi wasameheane na kusahau yaliyopita. Wito huo ulikuwa na busara yake, kwani aliyekuwa ngati na aliyekuwa mahabusu walichota maji katika mto mmoja. Hata hivyo, kusahau kuliwafaa zaidi waliokwisha kupata. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria hadi 2003. J. M. Kariuki, mahabusu aliyegeuka mwanasiasa na mtetezi wa maskini, aliuawa Machi 1975.

Kesi iliyofunguliwa jijini London na wahanga wa mateso iliwezesha kujulikana, mwaka wa 2011, kwa maelfu ya faili za kikoloni zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamishi 5,228. Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Hatua hizi ni za kupongezwa, lakini zote zilikuwa baina ya mahabusu na Uingereza. Hesabu baina ya mahabusu na jirani yake haijafunguliwa katika mahakama yoyote.

Fasihi ndiyo iliyothubutu kuigusa hesabu hiyo. Katika Kiswahili, P. M. Kareithi alitangulia kwa riwaya yake ya vita hivyo, Kaburi Bila Msalaba (1969). Kamĩrĩthũ nayo, kijiji kilichojengwa ili kuwadhibiti watu, iligeuka jukwaa: mwaka wa 1977 wakazi wake waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuhusu ardhi na dhuluma. Onyesho lilipigwa marufuku, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akazuiliwa bila kushtakiwa, akapelekwa Kamiti. Serikali ilikuwa mpya. Kanuni ya kumzuilia mtu bila hukumu ilikuwa ile ile.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kambi ya kizuizini haikusimama peke yake. Ilijazwa kwa siri za majirani, ikaendeshwa kwa hofu ya waliobaki nyumbani, ikanufaisha miradi inayotumiwa na wote, na ikafunguliwa kwa idhini ya wanakijiji walewale. Seng'enge ya Manyani na handaki la kijiji zilikuwa kazi ya mkono mmoja. Ndiyo sababu kuvunjwa kwa kambi hakukuleta uponyaji: sehemu iliyobaki ya mfumo huo ilikuwa ndani ya mipaka ya mashamba, ndani ya ndoa na ndani ya vinywa vilivyofungwa.

Inapendekezwa kuwa watafiti wa fasihi simulizi wasiwaulize tu waliozuiliwa. Wawaulize pia waliojenga vijiji, waliolinda, waliopokea na waliokataa kupokea. Wawaulize Wataita walioishi jirani na Manyani, Wapokomo wa Hola na Waswahili wa Lamu waliowaona wageni wale wakishushwa. Muda ni mfupi. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Operesheni Anvil sasa amepita tisini, na gakunia, kama yu hai, ni mzee wa umri huo huo, pengine kijiji kile kile. Wakiondoka bila kuulizwa, tutabaki na faili za Hanslope Park, ambazo ziliandikwa na waliokuwa na funguo.